Uzi: Mipangilio ya pointi za data katika programu za kufuatilia mitambo, na tangi lililokauka huku skrini ikionyesha mita 3.2

MtunzaVipimo (Tanga) – ujumbe wa 1

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naanzisha uzi huu kwa ajili ya mafundi wa vipimo, maopereta wa zamu na vijana wanaoingia sasa katika kazi ya kufuatilia mitambo kwa kompyuta, kwa sababu ipo sehemu moja ya kazi yetu ambayo tunaipita haraka mno. Tunaweza kumaliza wiki nzima tukichagua vihisi, tukivuta nyaya na kupanga skrini zenye picha za pampu zinazozunguka. Tukishafika kwenye ukurasa wa mipangilio ya pointi ya data, yaani ule unaouliza kipimo kisomwe kila baada ya muda gani, kihifadhiwe vipi, kikatae thamani zipi na kimwamshe nani, tunabonyeza kitufe cha kuhifadhi na kuendelea na pointi inayofuata. Mipangilio inabaki kama ilivyotoka kwa mtengenezaji wa programu, ambaye hajui kama pointi hiyo ni ya tangi la maji, ya chumba cha baridi au ya mita ya umeme.

Nitaeleza yaliyonikuta mwenyewe. Kipo kiwanda kimoja cha barafu na vyumba vya baridi hapa Tanga, upande wa baharini, ambacho sitakitaja. Mimi ndiye niliyeweka mipangilio ya pointi zake zote. Maji ya kupoozea kondensa, yaani sehemu ya mtambo wa baridi inayotoa joto la gesi iliyobanwa na kompresa, yanatoka kwenye tangi lenye kimo cha mita 6, na opereta wa zamu ndiye anayewasha pampu ya kisima anapoona kimo kimeshuka. Usiku mmoja, saa tatu na robo, skrini ilionyesha mita 3.2. Saa tano ilionyesha mita 3.2. Saa nane ilionyesha mita 3.2, na opereta akaandika hivyo kwenye daftari lake kila saa, kama alivyofundishwa. Saa kumi na moja na robo alfajiri kompresa ilizimika yenyewe kwa shinikizo kubwa, na mlinzi alipopanda ngazi na tochi alikuta tangi halina maji isipokuwa tope la chini.

Asubuhi nilifungua boksi la kuunganishia nyaya lililo juu ya tangi. Raba ya kuzibia mlango wa waya ilikuwa imepasuka upande unaopigwa na kusi, hewa ya chumvi ilikuwa imeingia kwa miezi, na kichwani mwa terminali palikuwa na unga wa kijani. Waya wa ishara ulikatika kwa kuguswa tu na ncha ya bisibisi. Kwa hakika ulikuwa umeshakatika tangu saa tatu na robo usiku.

Kihisi hakikudanganya, kwa kuwa kilikuwa kimeshanyamaza. Aliyedanganya ni mpangilio wangu. Transmita ya aina hii, yaani kifaa kinachokigeuza kipimo cha kihisi kuwa mkondo wa umeme, hutuma mkondo wa milliampea 4 tangi likiwa tupu na milliampea 20 likiwa limejaa. Waya ukikatika mkondo unakuwa 0, na programu ikipiga hesabu inapata kimo cha mita 1.5 chini ya sifuri, jambo lisilowezekana. Nami nilikuwa nimeiagiza programu itupe thamani yoyote iliyo chini ya 0 au juu ya 6, kwa sababu sikupenda kuona grafu yenye miiba. Programu ilitii. Kila sekunde tano ilipokea -1.5, ikaitupa, na kuendelea kuonyesha thamani ya mwisho iliyokubalika, ambayo ni 3.2. Kwa saa nane nzima mfumo ulikuwa na habari kwamba waya umekatika, na mimi ndiye niliyeukataza kuitoa.

Ninachotaka kukitetea katika uzi huu ni kwamba kila mpangilio wa pointi ni uamuzi kuhusu mtambo, na ni lazima uamuliwe na mtu anayeujua mtambo huo. Nitaendelea.

MtunzaVipimo (Tanga) – ujumbe wa 2

Nianze na hilo la kukataa thamani, maana ndilo lililoniuma.

Kifaa cha milliampea 4 hadi 20 kilibuniwa na sifuri iliyo hai kwa makusudi. Tangi tupu linatuma 4, si 0, ili ukiona 0 ujue kuwa huo si upungufu wa maji bali ni ukosefu wa habari. Watengenezaji wengi wa transmita wanafuata pendekezo la NAMUR, umoja wa watumiaji wa vifaa vya kudhibiti mitambo, liitwalo NE 43, ambalo linasema kipimo halali kinakaa kati ya milliampea 3.8 na 20.5, na kwamba transmita inayojitambua kuwa mbovu ishushe mkondo hadi 3.6 au chini yake, au iupandishe hadi 21 au zaidi. Kwa tangi langu la mita 6, milliampea 3.6 ni sawa na mita -0.15, na 21 ni sawa na mita 6.375. Kwa hiyo mipaka ya kukataa niliyoiweka pale 0 na 6 ilikuwa inafuta kabisa lugha ambayo kifaa kinaitumia kusema "mimi ni mgonjwa".

Sasa nimeweka hivi. Mipaka ya kukataa nimeipanua hadi -2 na 8, hivyo -1.5 inaingia, inahifadhiwa na inaonekana. Juu yake nimeweka alamu mbili zilizotenganishwa: kimo kikishuka chini ya mita 1.2 ni alamu ya maji kupungua, inayomwambia opereta awashe pampu; kikishuka chini ya -0.1 au kupita 6.3 ni alamu ya kifaa kibovu, inayomwambia opereta asiiamini skrini, apande ngazi atazame kwa macho na kumpigia fundi simu. Maneno ya alamu nimeyaandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili, kwa sababu mtu aliyeamka saa tisa usiku hapaswi kukaa anatafsiri.

Nimeongeza pia alamu ya tatu, ambayo programu nyingi zinayo na watu wachache wanaitumia: alamu ya kutobadilika. Tangi linalotumika halikai mita 3.2 kwa saa nzima bila kuyumba hata sentimita moja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimo kisipobadilika kwa dakika 40 huku kompresa ikifanya kazi, mfumo unaita.

Jambo hili limewahi kutokea kwa ukubwa ambao sisi hatujaufikia, na naomba tusiufikie. Huko kwenye bohari ya mafuta ya Buncefield, Uingereza, alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2005, tangi namba 912 lilikuwa linajazwa petroli. Kuanzia karibu saa tisa usiku kwa saa zetu za Kiswahili, kipimo cha kimo kilikwama na skrini ikaendelea kuonyesha namba ile ile wakati mafuta yanaingia. Swichi ya akiba ya kuzuia tangi lisifurike nayo haikufanya kazi. Petroli ilimwagika, mvuke ukatanda, na dakika moja baada ya saa kumi na mbili asubuhi ukalipuka. Watu 43 waliumia. Nalitaja hili kwa sababu vijana wengi wa hapa wanatazamia kazi katika bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linalotoka Hoima na kuishia Chongoleani, na mahali bomba linapoishia pana matangi. Grafu iliyonyooka ni habari, na fundi anapaswa kuisoma kama habari.

ZamuYaUsiku – ujumbe wa 3

Mkuu MtunzaVipimo, nashukuru kwa uwazi wako. Mimi ni opereta, si fundi wa mipangilio, na naomba niseme upande wetu. Unaongeza alamu, lakini sisi tunaokaa mbele ya skrini tayari tumezidiwa. Mahali ninapofanya kazi, umeme ukikatika tu tunapata alamu zaidi ya 60 katika dakika moja. Kila pampu inasema imesimama, kila mita inasema haijibu, na jenereta nayo inasema imewaka. Tunachofanya ni kubonyeza kitufe cha kuzikubali zote kwa pamoja bila kusoma, na sisemi hivyo kwa kujivunia. Je, ukiongeza ya kifaa kibovu na ya kutobadilika kwa kila pointi, hutatuzamisha kabisa?

MtunzaVipimo (Tanga) – ujumbe wa 4

Ndugu ZamuYaUsiku, swali lako ndilo zito kuliko yote, na jibu langu ni kwamba unachokifanya si uzembe. Mfumo unaomtaka mtu asome alamu 60 kwa dakika ndio wenye kosa. Katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Milford Haven, Wales, ambako ulitokea mlipuko tarehe 24 Julai 1994, uchunguzi ulionyesha kwamba katika dakika 11 za mwisho maopereta wawili waliletewa alamu 275. Hakuna binadamu anayeweza kuzisoma. Mwongozo namba 191 wa EEMUA, chama cha Uingereza cha watumiaji wa vifaa vya uhandisi, uliotoka mwaka 1999, unachukulia wastani wa alamu moja kila dakika kumi kuwa ndio kiasi ambacho opereta mmoja anaweza kukibeba katika hali ya kawaida, na alamu zaidi ya kumi ndani ya dakika kumi ni mafuriko.

Kwa hiyo mimi nina kipimo kimoja cha kuamua kama pointi ipewe alamu au isipewe. Namwita opereta, namwonyesha pointi, namuuliza: ikilia hii, utafanya nini? Akisema atawasha pampu ya pili, alamu inabaki na jibu lake linaandikwa kwenye maneno ya alamu. Akisema hatafanya chochote, atatazama tu, basi hiyo si alamu. Ihifadhiwe kama tukio la kawaida kwenye kumbukumbu, bila sauti wala rangi nyekundu. Kwenye kile kiwanda cha barafu tulikuwa na alamu 212, tukabaki na 47 baada ya siku tatu za kukaa na maopereta wa zamu zote, wakiwemo wa usiku, ambao mara nyingi hawaitwi kwenye vikao.

Kuhusu umeme kukatika, hapo dawa ni kuzifanya alamu zitegemeane. Pointi moja inayosema umeme wa gridi upo au haupo inakuwa mama. Ikiwa mama amelia, alamu za pampu kusimama zinanyamazishwa kwa dakika mbili, muda wa jenereta kushika mzigo. Baada ya dakika mbili, pampu ambayo bado haijawaka ndiyo inayolia. Opereta anapata ujumbe mmoja wa umeme na mmoja wa pampu iliyogoma, badala ya 60.

Yapo mengine mawili madogo yanayopunguza kelele kuliko watu wanavyodhani. La kwanza ni kuchelewesha. Maji yakiingia tangini kwa nguvu uso wake unacheza, na kimo kinaweza kugusa mpaka wa alamu kwa sekunde mbili kisha kikarudi. Weka sharti kwamba hali idumu sekunde 30 ndipo alamu ilie. La pili ni kutenganisha mpaka wa kulia na mpaka wa kunyamaza. Alamu ya maji kupungua ikilia katika mita 1.2, isinyamaze mpaka maji yafike 1.4. Ukiiacha ilie na kunyamaza kwenye mstari mmoja, kimo kikisimama pale 1.2 italia mara mia kabla ya asubuhi. Lakini tahadhari: usiweke ucheleweshaji wa sekunde 30 kwenye shinikizo la kompresa. Maji ya tangi yanasubiri, gesi ya amonia haisubiri.

MkongeKorogwe – ujumbe wa 5

Salaam kwa wote. Nipo Korogwe, kwenye kiwanda cha kusindika mkonge. Tumeunganisha mita za umeme za mota kubwa ya korona (mashine inayochambua singa kutoka kwenye majani ya mkonge), kihisi cha joto la kikaushio cha singa na mita ya maji, zote kwa Modbus, ile lugha ya mawasiliano kati ya vifaa na kompyuta. Tatizo langu liko nyuma ya hayo mnayojadili: thamani zenyewe haziji sawa. Mita ya umeme inaonyesha volti 0.00 wakati mota inanguruma. Chumba kidogo cha baridi cha zahanati ya shamba, ambacho tuliombwa tukiunganishe, kinaonyesha nyuzi 6535.6. Aliyetufungia alisema vifaa ni vibovu vibadilishwe. Je, ni kweli?

MtunzaVipimo (Tanga) – ujumbe wa 6

Ndugu wa Korogwe, usinunue kitu chochote kwanza. Dalili ulizozitaja zinafanana kabisa na makosa ya mipangilio, na zinaweza kurekebishwa ukiwa umekaa kitini.

Modbus ilitolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, na ndani yake hakuna volti wala nyuzi joto. Vipimo hukaa kwenye rejista, yaani visanduku vya kumbukumbu, kila kimoja kikibeba namba ya biti 16, yaani kuanzia 0 hadi 65535. Namna ya kuisoma namba hiyo ni juu yako. Chumba chako cha baridi kinaonekana kina nyuzi 18 chini ya sifuri. Kifaa kinaandika -180 kwa maana ya sehemu za kumi. Programu yako imeambiwa kwamba rejista haina alama ya hasi, kwa hiyo -180 inasomeka kama 65536 toa 180, yaani 65356, na ukizidisha kwa 0.1 unapata 6535.6 kamili. Badilisha aina ya data iwe namba nzima yenye alama, biti 16, na utaona -18.0. Siku ambayo chumba kinapanda juu ya sifuri kingeonekana sahihi hata bila marekebisho, na ndiyo maana kosa hili hupita kwenye majaribio yanayofanywa mchana vifaa vikiwa havijapoa.

Mita ya umeme ina kosa la aina nyingine. Nyingi zinatuma volti kama namba yenye desimali ya biti 32, ambayo inakaa kwenye rejista mbili, na watengenezaji hawakukubaliana ni rejista ipi itangulie. Ukizisoma kwa mpangilio uliogeuka, namba ya kawaida kama 25 inageuka kuwa namba ndogo kiasi kwamba skrini inaonyesha 0.00. Geuza mpangilio wa rejista mbili kwenye mipangilio ya pointi. Zikija namba za ajabu hata baada ya hapo, angalia anwani. Kitabu cha kifaa kikisema 40001, programu nyingi zinaitaka uandike 0, na ukikosea kwa moja unasoma nusu ya volti na nusu ya ampea.

Baada ya hapo ndipo unashughulikia kizidishio, yaani namba inayoigeuza thamani ghafi ya rejista kuwa mita, volti au nyuzi. Nawasihi sana kwenye hili la kizidishio: namba yake itoke kwenye kifaa kilichopo mbele yako, si kwenye karatasi ya kifaa kilichokuwepo zamani. Katika mlipuko wa kiwanda cha Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, uliowaua watu 15, transmita ya kimo cha mnara ilikuwa imepangwa kwa uzito wa kimiminika uliotoka kwenye karatasi ya zamani. Mnara ulikuwa unafurika na skrini ikawa inaonyesha kimo kinashuka taratibu. Mimi sikubali pointi kabla ya kuijaribu sehemu tatu: chini, katikati na juu. Kwa tangi nachukua kamba yenye risasi na futi, napima kwa mkono, kisha nalinganisha. Kwa Siemens S7, ambayo ni kompyuta ya kudhibiti mitambo, milliampea 20 hufika kama 27648, kwa hiyo kizidishio cha tangi langu ni 6 gawa kwa 27648. Ukikuta mtu ameandika 6 gawa kwa 32767, ujue tangi likijaa skrini itasema mita 5.06 na maji yatamwagika.

HesabuZaSeva – ujumbe wa 7

Naomba nitofautiane kidogo na mtoa mada. Mimi ndiye ninayetunza seva, na kila fundi anataka kila pointi ihifadhiwe kila sekunde "kwa usalama". Pointi 180 kwa sekunde moja ni kumbukumbu 15,552,000 kwa siku na zaidi ya bilioni 5.6 kwa mwaka. Diski inajaa, ripoti ya mwezi inachukua nusu saa kufunguka, na vituo vya mbali vinavyotuma kwa mtandao wa simu vinamaliza bando kabla ya katikati ya mwezi. Mimi niliamua kila kitu kihifadhiwe kama wastani wa dakika moja, na vya zaidi ya siku 90 vifutwe. Hakuna aliyelalamika.

MtunzaVipimo (Tanga) – ujumbe wa 8

Mkuu HesabuZaSeva, nakubaliana nawe kuhusu sekunde moja, lakini wastani kwa kila kitu siwezi kuukubali, na naomba nieleze kwa mfano mmoja. Shinikizo la kutoka kompresa likikaa bari 12 kwa sekunde 55 kisha likaruka hadi 18 kwa sekunde 5, wastani wa dakika hiyo ni 12.5. Ripoti yako itaonyesha kompresa yenye afya. Miezi sita baadaye valvu inapasuka na fundi anafungua kumbukumbu kutafuta dalili, anakuta mstari uliotulia. Dalili zilikuwepo, wastani ukazila.

Hivyo, kwa kila pointi tujiulize ni upande gani wenye hatari. Shinikizo lihifadhiwe kwa kiwango chake cha juu ndani ya dakika. Kimo cha tangi la kupoozea kihifadhiwe kwa kiwango cha chini, na cha tangi la mafuta kwa kiwango cha juu. Joto la chumba cha baridi linaridhika na wastani, kwa sababu halibadiliki kwa sekunde. Mita ya umeme inayohesabu kilowati-saa usiipigie wastani hata siku moja, hifadhi namba yenyewe ilivyo, kwa kuwa kinachotakiwa ni tofauti kati ya mwanzo na mwisho. Pampu kuwaka na kuzima ihifadhiwe pale tu hali inapobadilika, na utapata labda kumbukumbu 20 kwa siku.

Ili kupunguza wingi, chombo kizuri kuliko wastani ni kile ambacho mimi nakiita ukanda wa kimya: thamani mpya isihifadhiwe mpaka itofautiane na iliyohifadhiwa mwisho kwa kiasi ulichokiweka. Chumba cha baridi nimekipa nyuzi 0.3. Nyuzi 0.1 ni tetemeko la kihisi chenyewe, halina maana kwa samaki. Lakini ukiweka ukanda wa kimya, weka pia sharti la kuhifadhi angalau mara moja kila dakika 15 hata kama hakuna mabadiliko. Bila sharti hilo, ukikuta saa sita bila kumbukumbu hutajua kama joto lilitulia au kifaa kilikufa, nasi tumeshaona kimya kilivyotugharimu.

Kuhusu kufuta baada ya siku 90, kwetu hapa hata msimu hujauzunguka. Fundi anayetaka kulinganisha kondensa wakati wa kaskazi la mwaka huu na la mwaka jana anahitaji angalau miezi 14. Futa zile za dakika ukitaka, lakini bakiza za saa moja moja. Pointi moja kwa mwaka ni kumbukumbu 8,760 tu, na seva yako haitazihisi.

HesabuZaSeva – ujumbe wa 9

Hilo la kiwango cha juu kwa shinikizo nimelikubali, na nitalibadilisha wiki hii. Hilo la saa moja moja pia sikuwa nimelipigia hesabu. Nina swali: umetaja saa za tukio kwa Kiswahili. Seva yetu inaandika saa tatu nyuma, na daftari la zamu linaandika kwa saa za Kiswahili. Mnafanyaje?

MtunzaVipimo (Tanga) – ujumbe wa 10

Umegusa jambo ambalo vitabu vya kigeni havina. Seva yako iko kwenye saa za dunia, na Tanzania iko saa tatu mbele mwaka mzima, bila kubadilisha saa wakati wowote. Iache seva ihifadhi kwa saa za dunia, na mpangilio wa kuonyesha uuweke kwenye saa za Afrika Mashariki, ili tukio la 19:00 lionekane 22:00. Kinachobaki ni daftari, ambalo kwa haki kabisa linasema saa nne usiku. Katika uchunguzi wa lile tangi tulipoteza asubuhi nzima kwa sababu mtaalamu aliyetoka nje alisoma "saa 3:15" kwenye daftari akaitafuta kwenye grafu pale 03:15, akakuta hakuna kitu. Sasa tunaandika zote mbili kwenye kila mstari wa daftari, na juu ya skrini kuu nimeweka saa mbili kubwa zinazotembea pamoja.

Niongeze kwa ufupi kuhusu pointi zinazoandikika, zile ambazo opereta anabonyeza na pampu inawaka. Amri na hali ziwe pointi mbili. Katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, tarehe 28 Machi 1979, taa ya valvu ilionyesha kwamba amri ya kufunga imetolewa, haikuonyesha kama valvu imefunga kweli, na valvu ilikuwa wazi. Pampu iseme "imewashwa" kwa sababu mkondo wa mota umeonekana kupanda, si kwa sababu kitufe kimebonyezwa.

MkongeKorogwe – ujumbe wa 11

Narudi na majibu. Chumba cha zahanati sasa kinaonyesha -17.8, na kipimajoto cha kioo kilichomo ndani kinaonyesha -18. Volti za mota zimekuja baada ya kugeuza rejista, 398 kati ya fezi na fezi, na maltimita imekubaliana nazo. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Kisha nilifanya lile ambalo hukulisema waziwazi lakini nililielewa. Nililegeza waya mmoja wa kihisi cha joto la kikaushio nikiwa na opereta mbele ya skrini, nikatazama saa. Skrini ilibaki kwenye nyuzi 94 kwa dakika 14, hadi nilipourudisha mwenyewe. Hakuna alamu iliyolia. Nilipofungua mipangilio nilikuta mipaka ya kukataa ni 0 na 150, kama yako. Nimeipanua na kuweka alamu ya kifaa kibovu, nikalegeza tena. Safari hii iliita baada ya sekunde 10. Nimeanza kupita pointi moja baada ya nyingine. Nimefika ya 23 kati ya 61.

MtunzaVipimo (Tanga) – ujumbe wa 12

Umefanya kazi ambayo mimi nilitakiwa kuifanya kabla ya tangi kukauka, na nimefurahi kwa dhati. Nina ombi moja kuhusu hizo 38 zilizobaki. Kila unapolegeza waya, andika kwenye daftari la zamu na kwenye maelezo ya pointi yenyewe: tarehe, saa zote mbili, jina la aliyelegeza na aliyekuwa kwenye skrini. Mwakani mtu atafungua grafu ya kikaushio, atakuta pale mstari umetumbukia na kurudi, na asipokuta maelezo atashusha kihisi kizima akidhani kina hitilafu. Na zile dakika 14 za mwanzo, ambazo nyuzi 94 zilisimama bila kutikisika, usizifute. Ziwekee alama.